Kilo Tisa za Lombe

Katuba, tarehe 19 mwezi wa nane 2024

Yaya Léa, dada yangu,

Barua hii anakuletea Kiki, yule dereva wa Fuso anayepeleka sabuni Kasenga na kurudi na samaki. Usijaribu kunipigia simu. Maître Aristote, mwalimu wetu wa ngumi, ametukusanya kwenye kambi, tunalala salle, ukumbi wa mazoezi, na simu zetu zote amezifungia kwenye sanduku. Na nyinyi huko Kasomeno nasikia wezi wamebeba betri za mnara, mtandao umekufa. Basi tuandikiane.

Jumamosi nimeshinda. Nilipigana na jamaa mmoja wa Ruashi, mrefu, mwenye maneno mengi. Raundi ya pili nilimpiga mkono wa kushoto chini ya kiwiko, nikasikia ubavu wake ukivunjika kama ukuni mkavu. Alitaka kuanguka, kamba zikamshika, nikampiga mara tatu zaidi kabla mwamuzi hajanivuta. Jino lake lilitoka pamoja na damu. Sikumwonea huruma, nakuambia ukweli. Huruma ilikuja kesho yake, nilipokuwa nanawa na kukuta damu yake imekauka kwenye nyusi zangu.

Sasa nisikilize. Waandaaji wa pambano la mkanda walileta daktari. Alitupima kila mtu dakika tatu tu. Mimi aliandika: metre 1,72, kilo 84, IMC 28,4, surpoids. IMC ni hesabu yao ya kilo na urefu; surpoids maana yake nimezidi uzito. Maître akachukua karatasi, akaisoma mbele ya wote.

«Munaona? Lombe iko munene! Docteur mwenyewe njo anasema!»

Walicheka sana, na rafiki yangu Osée, ninayefanya naye mazoezi, ndiye aliyecheka kuliko wote. Lakini yaya, mimi huyo mnene nabeba mifuko miwili ya simenti kwa safari moja pale depo ninapofanya kazi. Tumbo langu ukiligonga ni kama unagonga tairi.

Maître anataka nishuke hadi kilo 75 nipambane na Mukuka wa Kambove, tarehe 5 mwezi wa kumi, tugombee mkanda. Nilikataa. Nilisema nitapigana na kilo zangu. Akanijibu: «Dada yako si iko infirmière? Umuandikie. Yeye akikatala, mi nakuacha na kilo zako.»

Wewe ndiye muuguzi wa nyumba yetu, kwa hiyo amua wewe.

Mdogo wako,
Lombe


Kasomeno, tarehe 28 mwezi wa nane 2024

Lombe, mdogo wangu,

Naandika mikono ikinuka dawa. Jana wachuuzi wawili wa samaki walikatana mapanga sokoni kwa ajili ya mahali pa kupanga meza. Mmoja nimemshona nyuzi thelathini na moja, kuanzia begani hadi kwenye chuchu. Mwingine mke wake alikuja nyuma anakimbia, ameshika sikio la mumewe kwenye mfuko wa plastiki. Sikuweza kulirudisha. Niko peke yangu kituoni tangu mwenzangu ahamishwe.

Nimeangalia chati iliyo ukutani kwangu na kupiga hesabu mara mbili. Karatasi haikukuonea. Kilo 84 kwa urefu wako ni 28,4. Mtu wa kawaida anaishia 25, na wewe ungepaswa kuwa chini ya kilo 74.

Unaniambia habari za simenti. Papa naye alikuwa akijipiga kifua na kusema, «Hii si mafuta, hii ni nguvu.» Alianguka mlangoni na sahani mkononi, kilo mia moja na sita. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ulisimama pale umeshika viatu vyako. Mimi ndiye niliyemkandamiza kifua. Nilisikia mbavu zake zikivunjika chini ya viganja vyangu, moja baada ya nyingine, na bado sikuacha, na hakurudi. Unaponiandikia kwa furaha jinsi ubavu wa mtu unavyolia, ujue kwamba mimi sauti hiyo naijua.

Sitaki kukandamiza kifua kingine cha nyumba yetu. Mfuate Maître. Mwambie nimesema ndiyo. Punguza bukari, huo ugali wenu, acha mafuta, shuka polepole.

Miaka miwili sijakuona. Sikujua kwamba umenenepa hivyo.

Dada yako,
Léa


Katuba, tarehe 15 mwezi wa tisa 2024

Yaya,

Maître aliisoma barua yako mbele ya wote, kisha akaibandika ukutani karibu na kioo. Kila nikilalamika ananyoosha kidole pale: «Soma! Ni dada yako njo aliandika, si mimi.»

Niko kilo 79. Asubuhi nakunywa chai bila sukari, jioni nakula yai moja na sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta. Saa sita mchana, jua likiwa kichwani, navaa mifuko miwili ya plastiki chini ya sweta na kukimbia hadi miguu ipoteze mwelekeo. Wiki iliyopita Maître alinikuta nimeinama kwenye bomba la jirani, nakunywa. «Nani anakupatia mayi?» Alinichapa kwa mpira wa maji kwenye miguu mpaka ngozi ikafunguka mahali pawili. Sikumrudishia. Ningeweza kumvunja, lakini sikumrudishia.

Osée nilikuwa namsukuma kwa mkono mmoja. Alhamisi aliniangusha chini kwenye mazoezi. Wenzetu walicheka, naye akacheka. Nikavua glavu, nikamfuata uani na kumpiga kwa mikono mitupu. Alikuwa amekwisha kuanguka nami bado nampiga. Watu watatu ndio walionitoa juu yake. Jicho lake limefunga, na mdomo umepasuka hadi karibu na pua. Nilipotulia nililia kama mtoto mdogo, yaya. Nilikuwa na njaa tu. Tumepatana, ni mtu mzuri, ananifulia bendeji zangu.

Kichwa kinaniuma kidogo, nadhani ni jua. Je, ni kawaida mkojo kuwa na rangi ya chai nzito? Acha, usihangaike na hilo. Kilo zinashuka, utafurahi.

Lombe


Kasomeno, tarehe 24 mwezi wa tisa 2024

Lombe,

Simamisha kila kitu. Soma barua hii hadi mwisho kabla hujamwonyesha mtu.

Leo amepita Docteur Syntiche, daktari mpya wa zone ya afya. Nilimweleza habari zako kwa majivuno, nikamwambia jinsi nilivyomrekebisha mdogo wangu kwa barua tu. Hakunisifu. Aliniuliza, «Anafanya kazi gani? Tumbo lake lina sentimita ngapi?» Sikuwa nimekuuliza.

Alichukua utepe wa fundi cherehani, akaenda kwenye foleni ya wagonjwa. Akamwita mchimbaji mmoja wa shaba aliyekuja na kidonda cha mguu. Kwa hesabu yangu ni 29, mnene. Tumbo lake ni ubao mtupu, presha nzuri kuliko yangu. Kisha akamwita Mama Mapalo anayeuza unga. Kwa hesabu yangu ni 23, wa kawaida, sijawahi hata kumpima damu. Miguu yake myembamba, lakini tumbo lote liko mbele. Sukari yake ilipita mia tatu. Docteur akaniambia bila ukali: «Ile namba inajua kilo na urefu. Haijui nyama wala mafuta, na haijui mtu anafanya kazi gani. Inakusaidia kuuliza, Léa. Haikujibii.»

Lombe, wewe si mnene. Uzito wako ni nyama ya kazi. Nilikufikiria wewe nikamwona Papa. Mkojo ule maana yake mwili wako umekauka na nyama inaanza kujila. Kichwa kinachouma kisipigwe hata kofi. Kunywa maji leo. Kula. Rudi kwenye kilo zako. Mwambie Maître dada yako alikosea, na aibandue barua yangu ukutani. Akikataa, ondoka salle usiku huohuo hata bila viatu.

Kiki anaondoka kesho alfajiri. Nimemwapisha.

Léa


Katuba, tarehe 4 mwezi wa kumi 2024

Yaya Léa,

Kiki haonekani, wala barua yako sijaipata, lakini naandika hii niwe nayo tayari. Leo tumepima. Kilo 75 kamili!

Tangu jana asubuhi sijanywa tone. Maître alinipeleka kwa rafiki yake mwoka mikate, nikakaa mbele ya tanuri nimevaa mifuko na blanketi. Mara ya kwanza mizani ilisema 75,4. Tukanyoa nywele. Nikatema mate kwenye chupa mpaka mate yakaisha, kisha Maître akanisimamisha tena mbele ya tanuri. Nilianguka, akanimwagia maji usoni na kunikaba taya nisiyalambe.

Jambo la kuchekesha: yule daktari alipiga hesabu yake tena, ikatoka 25,4. Bado surpoids! Nilicheka, midomo ikapasuka, damu ikadondoka kwenye mizani. Mukuka wa Kambove ni mrefu, ana metre 1,85, kilo 75. Yeye wamemwandikia normal, yaani wa kawaida, wakampongeza. Ana mikono inayofika kila mahali.

Nikuambie kitu ambacho hapa hakuna anayejua. Jumanne Osée alinipiga moja nzuri juu ya sikio. Tangu hapo sikio linalia, na mara mbili nimetapika maji ya njano. Maître akijua ataniondoa, na nimeteseka wiki tano. Nikishashinda nitakula bukari na samaki tomson mpaka wanibebe.

Kesho, yaya.

Lombe


Lubumbashi, tarehe 8 mwezi wa kumi 2024

Dada Léa,

Hunifahamu. Mimi ni Osée, yule aliyecheka. Lombe yu hai. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma yaliyobaki.

Raundi ya kwanza alipigana vizuri, alimchana Mukuka nyusi. Raundi ya pili miguu yake ikawa ya mtu mwingine. Mukuka alikuwa anampiga kutoka mbali, jicho, jicho, jicho hilohilo, hadi nyama ikaning'inia. Kengele ilipolia mwisho wa raundi ya tatu, Lombe alitembea akaenda kukaa kwenye kona ya Mukuka. Watu wakacheka wakidhani anafanya kichekesho. Nilimfuata nikamrudisha. Aliniita Papa.

Nilimwambia Maître: «Simamisha! Huyu muntu anakufa!»

«Nyamaza weye. Iko na nguvu.»

Raundi ya nne Mukuka alimpiga ngumi kumi na moja. Nilizihesabu kwa sababu nilikuwa nimeshika taulo, na mkono wa Maître ulikuwa umeshika mkono wangu. Ya mwisho ilimkuta mikono imeshuka. Alianguka chali, kichwa kikagonga mbao, akabaki macho wazi, mguu mmoja unapiga teke peke yake. Mukuka alipiga magoti akawa anamwita kwa jina.

Halafu salle ikalipuka. Chupa, viti, vyuma vya jukwaa. Walimkamata Maître mlangoni wakamvunja mkono kwa mguu wa benchi. Mimi nilimpiga kwa kiti cha kona yetu, mara mbili, usoni. Sijutii.

Hospitalini walimfungua Lombe kichwa wakatoa damu iliyoganda. Daktari mpasuaji alituuliza nani aliyemkausha hivi, kwa sababu mwili usio na maji haukingi ubongo. Alisema tena kwamba ndani kulikuwa na damu ya siku chache kabla. Ya Jumanne. Basi ni ngumi yangu, dada. Nimekuandikia niliyofanya.

Kiki alifika Jumapili, mkono umefungwa kitambaa. Majambazi walimsimamisha njiani, wakamkata panga alipokataa kutoa funguo, na mizigo yake ilikaa polisi siku kumi. Barua yako nilimsomea Lombe kitandani. Sijui kama alisikia.

Osée


Katuba, tarehe 27 mwezi wa kumi 2024

Kwa Madame Léa,

Binti yangu ndiye anayeniandikia, mkono wangu uko ndani ya plasta na mdomo umeshonwa. Barua yako nimesomewa. Umeniita muuaji mara nne na kusema utakuja kunimwagia asidi. Njoo, sikimbii.

Yule kijana nimemfundisha ngumi miaka minane. Alikuwa anakula kwangu. Mimi sikusoma shule. Docteur alileta karatasi, ikasema mnene. Kijana akabisha, nikasema tumuulize mwenye kusoma wa nyumba yao. Barua yako ya kwanza bado ninayo, imeandikwa: «Mfuate Maître. Mwambie nimesema ndiyo.» Docteur amesema, infirmière amesema. Mimi nilikuwa nani niseme hapana?

Kuhusu mpira wa maji, na kuhusu taulo, hapo sina la kujitetea. Mungu ataniuliza.

Aristote


Kasomeno, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2024

Lombe wangu,

Osée anasema sasa unasikia kila kitu, basi akusomee na hii.

Nimekuletea habari kwamba siwezi kuja, kwamba sina wa kunishikia zamu kituoni, kwamba barabara ni mbaya, kwamba kuna kipindupindu. Ni uongo. Docteur Syntiche alileta mtu wa kunishikia zamu tangu wiki mbili zilizopita. Mara mbili nimekwenda barabarani na mfuko wangu. Gari likasimama, konda akaniita, nikageuka nyumbani.

Nilimtukana Maître Aristote kwa barua, akanirudishia maneno yangu mwenyewe, na kila neno ni langu. Wewe uliniambia tumbo lako ni gumu kama tairi. Nilichukua kalamu nikagawa, nikaona namba ya Papa. Nilikuogopea hadi nikakupeleka mwenyewe kwa mtu wa kukukausha.

Juzi mama mmoja alikuja na karatasi ya IMC kutoka mjini, anauliza aache kula nini. Niliichana mbele yake vipande vipande nikapiga meza. Aliogopa akatoka na mtoto wake mgongoni. Sijui hata alikuwa anaumwa nini. Nimemtafuta, sijampata.

Sikuombi unisamehe. Nimetuma samaki na unga wa muhogo.

Léa


Lubumbashi, tarehe 17 mwezi wa kumi na moja 2024

Yaya,

Osée anaandika, mimi nasema. Maneno mengine yanakataa kutoka, yeye anangoja. Nimemkataza kupamba.

Aliponisomea barua yako nilichukua kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto nikakitupa ukutani, karibu na kichwa chake. Nikapiga kitanda hadi wauguzi wakaja kunifunga mikono kwa shuka. Samaki wako nilikataa kuwala siku mbili. Nilisema maneno juu yako ambayo Osée hataki kuyaandika. Yaandike, Osée. Anakataa.

Mkono wa kulia haufungi. Mguu wa kulia naukokota. Wiki hii wamenipima: kilo 61. Mwanafunzi mmoja wa udaktari alipiga hesabu yake akaandika kwenye karatasi ya kitanda, IMC 20,6, normal. Osée alisoma kwa sauti, kisha akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Sasa nikuambie na mimi uongo wangu. Uliposema ndiyo nilifurahi. Niliutaka ule mkanda, yaya. Nilimwambia Maître nakataa ili anibembeleze. Ungesema hapana ningetafuta infirmière mwingine, na kwa Osée pia nilinyamaza kuhusu sikio. Kwa hiyo usijibebeshe yote, sehemu yangu niachie.

Lakini hasira yangu ni nyingine. Wiki sita niko hapa. Mukuka amekuja kutoka Kambove mara tatu, ananilisha. Mwoka mikate amekuja. Hata Maître amekuja na plasta yake, nikamfukuza, akarudi. Wewe umetuma unga.

Nikikuona labda nitakutukana. Labda nitakutupia kitu, mkono wa kushoto una shabaha nzuri sasa. Njoo hivyohivyo. Sitaki barua nyingine. Osée amechoka kuandika na mimi nimechoka kusomewa.

Kiki anapita Kasomeno Alhamisi asubuhi. Nimemwambia akikuona barabarani na mfuko, asikuulize kama unapanda. Ashuke, akushike mkono, akuweke mbele karibu naye, afunge mlango.

Lombe